Umri wa Gracjan

Katika nyumba yetu hakuna aliyekuwa na miaka. Ukimuuliza kijana ana umri gani, anakujibu arobaini na tatu, au mia na sita, na hapo anataja siku. Zinaanza kuhesabiwa asubuhi uliyoingia getini damu yako ikiwa haina dawa za kulevya wala pombe, na ukitia kitu tena mwilini unarudi sifuri, hata kama ulikuwa umefika mia tano. Keki tunakata siku ya mia, siku ya mia mbili na siku mwaka unapotimia. Keki ya siku uliyozaliwa na mama yako hatukati. Mtu aliyezaliwa na mama yake ndiye aliyejidunga. Huyo hatumpigii makofi.

Tulikubaliana hivyo mwaka themanini na tano, tukiwa mateja kumi na mmoja ndani ya zizi lisilo na paa, na mkono wangu ulikuwa mmoja wa iliyonyooshwa. Kwa hiyo haya siwezi kuyasimulia kama mpita njia.

Jina langu Zenon Pietrucha. Vijana wananiita Mzee Zenek. Nilikuja kijiji hiki cha Zawidza nikiwa na miaka ishirini na mishipa iliyokauka kwa maji ya mpopi, mmea wa afyuni, tuliyokuwa tukiyapika wenyewe kwenye sufuria, na sikuondoka. Sasa nawasha boila na kufundisha useremala. Zizi tulipewa na shamba la serikali kwa sababu halikuwafaa tena hata ng'ombe. Wiki ya kwanza wanakijiji walitujia na uma za nyasi, wakitaka kutuchoma moto. Nawakumbuka kwa majina. Miaka saba baadaye shamba nalo likafungwa kwa barua ya kurasa mbili, familia mia na ishirini zikaambiwa soko litawatafutia kazi, na nyumba yetu ikarithi jengo la pili, ambalo lilikuwa kiwanda cha kuchemshia pombe kali ya viazi. Soko halikuwatafutia kazi. Liliwatafutia duka linalofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na mlangoni, usawa wa mkono, chupa ndogo za vodka zinazoenea kwenye kiganja. Huku kwetu tunaziita tumbili. Mtu mwenye kazi ananunua tumbili moja kabla ya kazi. Asiye na kazi hana "kabla". Na waliotia sahihi ile barua bado wako hai. Mmoja wao alikuja juzijuzi kutukabidhi benchi la bustanini, akapigwa picha amelikalia.

Nayasema haya kwa sababu Gracjan alikuwa mtoto wa barua kama hiyo. Kwao ni Wałbrzych, ambako ilifungwa migodi ya makaa badala ya mashamba. Mjomba wake Leszek alichimba makaa ya wizi msituni, kwenye mashimo ya maskini, mpaka gogo la kushikilia ukuta likamla vidole viwili. Mama yake yuko Ujerumani, anaosha wazee wa watu. Aliyemlea ni bibi yake, Genowefa. Alipofika kwetu mwezi wa Aprili kwa amri ya hakimu, Gracjan alikuwa na miaka minne ya kunusa kristali za kulevya na kuzishushia kwa vodka, na meno mawili ya mbele yalikuwa meusi. Tulimfungia viatu kabatini, kama tunavyowafungia wote wiki za mwanzo, akatembea kwa ndala.

"Mnaogopa nitakimbia?" aliniuliza.

"Tunaogopa utapata mafua ukikimbia."

Akacheka. Nilimpenda hapohapo, na mwenye busara hapendi teja kabla ya siku ya sitini. Siku ya sitini alijua kutumia randa. Siku ya mia na hamsini alitengeneza kiti cha mduara ambacho hata mimi sikukipatia kasoro, ingawa niliitafuta. Mduara ni kikao chetu cha kila Jumatatu asubuhi. Wanakaa vijana ishirini na wanne, mkurugenzi na mimi, na swali la kufungulia ni moja: nani ana la kusema?

Mwezi wa Novemba, siku yake ya mia mbili na kumi na moja, bibi yake akafa.

Mkurugenzi wetu, Bi. Dobrochna, alimpa ruhusa ya siku mbili kwenda kuzika. Si mtu mbaya, Bi. Dobrochna. Alikuja na vyeti vyake mwaka wa sita sasa, na kwa mshahara ule anaolipwa ningekuwa mimi ningeng'ata watu. Akampa ruhusa, na Kornelia akamfunga skafu shingoni. Kornelia alikuwa ndiye mkubwa wa nyumba, siku mia tatu na tisini na nane, binti wa sauti nene na moyo wa askari jela.

"Ukirudi na harufu, nitakuwa wa kwanza kukunyooshea mkono," alimwambia.

"Najua, dada mkuu. Ndiyo maana nakuogopa kuliko hakimu."

Alirudi Jumapili saa nane mchana, kwa miguu, kilomita tisa kutoka stesheni, maana basi la Jumapili walilifuta zamani na hakuna aliyeandika barua isipokuwa mimi. Hakupitia mlango mkubwa. Alikuja moja kwa moja kwenye chumba cha boila.

"Mzee Zenek, una kazi?"

"Boila haijui Jumapili. Kung'uta viatu, unaniletea kijiji kizima."

Akakung'uta. Akaketi juu ya magogo. Akaanza kukunja ile skafu na kuikunjua.

"Nilikunywa," akasema.

Sikugeuka. Nilisukuma gogo ndani, nikafunga mlango wa moto. "Kiasi gani?"

"Glasi tatu. Zile ndogo. Mjomba Leszek alinimiminia mezani, kabla hata supu haijaja. Nikamwambia sinywi. Akasema, bibi kakufulia mpaka chupi miaka yote hiyo, leo unakataa kumsindikiza? Meza nzima ikanitazama. Na msibani hatugonganishi glasi, unajua mwenyewe. Kimya kabisa. Kila mtu kashika yake anasubiri mimi."

"Halafu?"

"Halafu nikatapika nyuma ya ukumbi, nikalala. Kristali sijagusa. Kuna mshikaji alinipa namba yake makaburini palepale, mshenzi, na shada la maua mkononi. Nikaichana."

"Nani mwingine anajua?"

"Huku? Wewe tu." Akainua macho. "Mzee, nikinyamaza hakuna atakayejua."

"Tayari tuko wawili. Na sheria unaijua. Ajuaye akanyamaza..."

"...ameshika sepetu ya kaburi langu. Naijua. Mmeiandika mpaka chooni."

Sheria hiyo niliiandika mimi, kwa mkaa, ukutani, mwaka themanini na tano. Baadaye wakaipaka rangi nzuri. Na sheria inayoifuata ni kwamba aliyevunja anatoka siku hiyohiyo. Analala nje, kijijini, siku tatu, bila kugusa kitu. Siku ya tatu anasimama getini na kuomba, na mduara unapiga kura kwa mikono. Wengi waliotoka hivyo walirudi. Mimi mwenyewe nilitoka hivyo Februari ya themanini na sita, baridi ya kupasua mawe, nikalala kibanda cha basi siku tatu nimejifunika magunia ya viazi, na niliporudi mikono yote kumi ilinyooshwa. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko kile, wala na mwanamke wala na serikali.

"Kesho utasema wewe, au nitasema mimi," nikamwambia. "Ukisema wewe, ni siku tatu na unarudi."

"Siku tatu tu?"

"Siku tatu tu. Mimi nimezilala, na vidole ninavyo vyote."

"Mjomba hana viwili."

"Mjomba wako hakulala kwetu."

Akacheka kidogo, akajifuta pua kwa skafu ya Kornelia. "Unaniahidi, Mzee?"

Nikampa mkono. Mkono huu ninaoandikia.

*

Jumatatu, kwenye mduara, Kornelia aliuliza swali la kufungulia. Gracjan akasimama kabla hajalimaliza. Alisema yote, glasi tatu, supu, mjomba. Hakulia. Kijana mmoja wa upande wa dirishani akamuuliza, "Kwani bibi yako alikuwa mnywaji?"

"Bibi alikuwa anakunywa chai."

"Sasa ulikuwa unamsindikiza nani?"

Wengine wakaguna. Hivyo ndivyo tunavyotibiana. Hatuna dawa nyingine, na hizo zilizopo mjini hatuwezi kuzinunua.

"Anayesema atoke siku tatu," akasema Kornelia, na mkono wake ukawa wa kwanza, kama alivyoahidi. Mikono yote ikafuata. Wangu pia. Tulinyoosha kwa furaha, na mtu asiyeishi humu hawezi kulielewa hilo: kijana kasema ukweli mwenyewe, bila kubanwa, siku ya pili baada ya kumzika mtu wake wa pekee. Tulikuwa tunajivunia. Kornelia akamfuata mpaka mlangoni, akamvulia soksi zake za sufu.

"Alhamisi nataka soksi zangu, zikiwa zimefuliwa."

"Sifuri naye anafua?"

"Sifuri ndiye anayefua kwanza. Toka."

Bi. Dobrochna alikuwa ameshaingia ofisini kuandika. Zamani tuliandika kwa penseli kwenye daftari, na kijana akirudi siku ya tatu tunafuta. Lakini tangu Januari tulikuwa na mkataba mpya na ile ofisi ya mkoa inayolipia vitanda. Mtu akitoka, anaingizwa kwenye mashine, yaani kompyuta ya ofisini, saa hiyohiyo kwamba katoka. Mkataba huo nilikuwa nimeusoma. Kurasa kumi na moja. Mimi nasoma kila karatasi inayoingia humu, sikusomeshwa na mtu, nilijifundisha mwenyewe kwa sababu nilichoka kutiliwa sahihi na wengine. Niliusoma nikitafuta wamemwibia nani, nikakuta wamempunguzia mpishi mshahara, nikaandika barua tatu kuhusu mpishi. Ukurasa wa tisa niliupita haraka. Ulihusu tarehe.

Siku tatu zile Gracjan alizikaa vizuri. Alilala kwenye banda la Bi. Bronia, mjane anayekaa kando ya barabara, ambaye mumewe alikuwa mmoja wa waliokuja na uma. Bi. Bronia sasa ndiye anayewapa supu wote wanaotoka, haulizi jina. Jumatano nilimpelekea mkate, nikamkuta akipasua kuni za bibi yule, shati limemlowa katika baridi ile.

"Nina siku nne leo," akanipigia kelele kutoka mbali. "Nimepunguza uzee, Mzee! Nimekuwa kichanga!"

"Kichanga hashiki shoka hivyo. Utajikata unyayo."

"Bi. Bronia anasema nikikaa wiki atanioza mjukuu wake."

"Umeshamwona mjukuu?"

"Nimemwona. Ndiyo maana narudi kesho."

Bi. Bronia akamrushia kijiti kutoka dirishani. Tukacheka wote watatu. Jumatano ile, mchana, mama yake alipiga simu kutoka Ujerumani. Bi. Dobrochna alikuwa mjini, akapokea mpishi. Mama akasema mwambieni nampongeza, mwambieni nampenda. Mpishi akajibu yuko nje kidogo, kesho atarudi, na akaendelea kumenya viazi. Alidhani mama anapongeza siku za mwanawe. Humu ndani mtu anapongezwa kwa jambo gani lingine?

*

Alhamisi saa tatu asubuhi alisimama getini. Amenyoa. Soksi za Kornelia amezikunja mkononi, zimefuliwa, bado mbichi. Kwa desturi yetu hafunguliwi mpaka aombe.

"Naomba kurudi nyumbani," akasema.

"Una siku ngapi?" akauliza Kornelia kutoka ndani.

"Tano."

"Karibu uombe mbele ya watu."

Tukakaa. Alisimama katikati, akasema maneno machache, mengine yakamkwama. Kura ikapigwa. Mikono yote ishirini na mitatu ya wenzake, hata wa yule kijana wa dirishani, ambaye alinyoosha miwili akaambiwa ashushe mmoja. Gracjan alikuwa anatabasamu kwa yale meno yake mapya, tuliyomtengenezea mwezi wa tisa.

Bi. Dobrochna hakuwemo. Alikuwa ofisini akimwingiza kwenye mashine, ili chakula chake cha mchana kihesabiwe. Akatoka, akasimama mlangoni, na kwa jinsi alivyoshika fremu ya mlango nilijua.

"Inakataa," akasema.

"Nini inakataa?" nikauliza.

"Inamkataa. Alitimiza miaka kumi na minane jana."

Hakuna aliyeelewa. Naapa hakuna. Vijana walitazamana kama mtu kataja idadi ya nyota. Hata Gracjan mwenyewe alikunja uso, akihesabu kwa vidole.

Bi. Dobrochna akaeleza, taratibu, akirudia, na sauti yake ikikwaruza. Nyumba hii inalipiwa kwa watoto. Aliyeingia akiwa mtoto anaruhusiwa kukaa mpaka amalize, hata akivuka kumi na minane. Lakini Gracjan aliandikwa Jumatatu kwamba katoka. Anayerudi leo, kwa mashine, si yule. Ni mtu mzima mgeni, anayeomba kitanda kwenye nyumba ya watoto.

"Atalala chini," akasema mmoja.

"Atalala na mimi, mzungu wa nne," akasema wa dirishani. "Mimi mwembamba."

"Wakija kukagua wakamkuta, watavunja mkataba," akasema Bi. Dobrochna. "Wote mtarudi mlikotoka. Wote ishirini na watatu."

Gracjan akamaliza kuhesabu vidole. "Kumbe nimekua," akasema, akacheka. Kile kicheko sitaki kukieleza.

Nilikwenda ofisini, nikafungua ukurasa wa tisa. Ilikuwemo, mistari mitatu. Nikampigia simu mtu wa mkoa, mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Mzee wangu, mimi nakuelewa kabisa," akasema.

"Usinielewe, mama. Mrudishe Jumatatu. Bonyeza kitufe."

"Haiwezekani kurudi nyuma ya tarehe."

"Amesema ukweli mwenyewe! Angedanganya angekuwa kitandani sasa hivi. Unanisikia? Mngemlipia!"

"Kuna nyumba za watu wazima, Mzee. Nakupa namba?"

Namba nilipiga. Foleni ilikuwa miezi tisa, na kabla yake wiki mbili za wodi ya kusafishia damu, nayo ina foleni yake. Nikauliza kijana mwenye siku tano afanye nini miezi tisa. Wakaniambia ahudhurie ushauri, karibu na anapoishi.

"Ulikuwa na tarehe yake kwenye faili," nikamwambia Bi. Dobrochna nilipokata simu. Nilitaka kumpiga kwa kiti.

"Nilikuwa nayo. Ningeitazama Jumatatu, ningemwandika ana homa." Macho yake yalikuwa mekundu. "Na wewe ulikuwa na mkataba, Zenek. Ulinisomea kifungu cha mpishi mara tano."

Niliurudisha mkataba rafuni.

Nilipotoka, Gracjan alikuwa ameshafunga begi. Wenzake walikuwa wamesimama ukumbini kama ng'ombe waliosikia radi. Kornelia peke yake ndiye aliyesogea, na hakusogea kwake. Alinijia mimi, akanishika kola.

"Wewe ndiye uliyemwambia aseme."

"Kornelia."

"Ulimpa mkono! Kaniambia mwenyewe, ulimpa mkono wako huo mchafu. Na mimi mjinga nikanyoosha wa kwanza." Akaniachia, akapangusa kiganja kwenye suruali. "Babu mzima, unasoma magazeti kutwa, na hujui kuhesabu mpaka kumi na minane."

Gracjan akamkabidhi soksi zake. Kornelia hakuzipokea. Zikaanguka chini, na tulipitia juu yake kumsindikiza getini.

*

Bi. Bronia alimweka siku kumi. Siku ya kumi na moja mwanawe alikuja kutoka mjini, akaona viatu vya kiume barazani. "Mama, teja? Ndani? Unangoja wakunyonge?" Bi. Bronia alibishana naye, namtolea ushahidi. Alimtaja hata baba yake na ule uma. Lakini Gracjan aliwasikia kutoka bandani, na jioni hakuwepo. Alikuwa amepasua kuni zote mpaka za masika na kuzipanga ukutani, ncha zimelingana.

Kwangu hakuweza kulala. Chumba changu kiko ndani ya uzio wa nyumba. Nilifikiri kupanga chumba kijijini tukae wawili. Nilifikiri siku tatu, nne, nikiuliza bei, na nilipokuwa bado nauliza, alikuwa ameshafika kwa mjomba wake.

Niliandika barua. Nina nakala zake kumi na saba. Nilijibiwa mbili, zote zikinishukuru kwa kujali.

Mwezi wa Machi pampu ya boila ilikufa, nikaenda Wałbrzych kutafuta nyingine. Nilishuka stesheni saa moja asubuhi. Nje ya duka, chini ya ukuta unaopata jua la kwanza, walikuwa wamesimama wanaume wanne, na wa mwisho alikuwa yeye. Jino moja jipya lilikuwa limeng'oka. Kiganjani alikuwa na tumbili, anaificha kwa adabu, kama anavyoficha mtu sigara mbele ya padri.

"Shikamoo, Mzee Zenek."

"Marahaba, mwanangu. Foleni umejiandikisha?"

"Nilijiandikisha. Nikaanguka. Ukianguka unaanza mwisho wa foleni." Akamtazama mwenzake. "Huyu ndiye aliyenifundisha randa. Mwambie, Mzee, nilikuwa najua randa au sijui?"

"Alikuwa anajua."

"Unaona?" Mwenzake hakuona kitu, alikuwa amelala amesimama. Gracjan akasogea, akashusha sauti. "Nisikudanganye, na kristali pia. Wewe sikudanganyi. Nilikuambia ukweli mara zote, au siyo?"

"Mara zote."

"Basi." Akanipiga bega kidogo, kama mkubwa anavyompiga mdogo. "Usiweke moyoni. Ungenyamaza ningekunywa tu siku nyingine."

Labda. Hilo ndilo wanaloniambia wote, na Bi. Dobrochna pia, kwa lugha ya vyeti. Lakini mimi niliona kuni zile zilivyopangwa.

Nikanunua pampu. Niliporudi kupitia pale, ukuta ulikuwa na watu wengine.

Siku hiyohiyo nilichukua chaki, nikaingia ofisini Bi. Dobrochna akiwa mezani, nikafungua mafaili mbele yake. Hakunizuia. Nikaandika nyuma ya mlango wa chumba cha boila majina yote, na mbele ya kila jina siku aliyozaliwa na mama yake. Nyumba nzima, ishirini na wanne tena, maana kitanda cha Gracjan kilikuwa kimeshapata mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza tangu themanini na tano.

Mwezi wa Mei, Sonia alirudi kutoka ruhusa ya nyumbani. Siku mia na sitini na mbili, mtoto mchangamfu, anayeimba akiosha vyombo. Alikuja boila kuota moto, akasimama mbali nami, akitafuna pipi ya mnanaa, nyingine na nyingine. Alipoondoka nilikwenda nyuma ya magogo. Tumbili ilikuwa pale, tupu, bado ina joto la mfuko.

Niligeukia mlango. Sonia, tarehe kumi na mbili Juni. Wiki tatu kufikia kumi na minane; siku tatu za nje zingeenea ndani yake, lakini siku tatu sikuziamini tena.

Nikafungua mlango wa moto, nikaitupa chupa ndani.

Jumatatu tulikaa. Kornelia alikuwa katika wiki yake ya mwisho ya kuongoza. "Nani ana la kusema?" aliuliza, na sauti yake nene ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo. Tangu ile Alhamisi hakuna aliyekuwa amesimama; nusu mwaka, na nyumba nzima safi kama malaika. Sonia alitazama sakafu. Kornelia analala naye chumba kimoja. Akamtazama, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Juu ya kichwa chake, kwa rangi nzuri, yalikuwa yale maneno yangu ya sepetu na kaburi. Nilisikia pampu mpya ikifanya kazi chini ya sakafu. Mikono yangu ilikuwa magotini, nikaiacha hapo.

"Hakuna," akasema Kornelia. "Tumefunga."

Kesho yake asubuhi nilizoa majivu. Kioo hakiungui, kinayeyuka na kuganda kama kinyesi cha mbuzi, kijani. Nikakiokota, nikakitupa mtaroni. Wiki iliyofuata nilikuta vipande vitatu kama hicho, na mimi sikuwa nimetupa kitu.